Mji Usio na Ndugu

Mimi nina hasira za karibu. Nalisema mapema ili nisije nikaonekana ninajipamba. Hasira zangu hupanda haraka na kushuka haraka kama maziwa jikoni, na mume wangu, baada ya miaka kumi na tisa ya ndoa, anajua saa ya kusogeza sufuria. Yeye ni fundi wa majokofu, mtu wa maneno machache na bisibisi nyingi. Mimi nashona sare za shule kwenye kibanda mbele ya nyumba yetu, Kihonda, Morogoro mjini. Yeye ni Mnyamwezi aliyezaliwa Mzinga, hapahapa Morogoro, baba yake alipokuwa akifanya kazi kiwandani. Mimi ni Mluguru wa Kinole, kule juu kwenye mdalasini na pilipili manga. Kwa hiyo nyumbani kwetu kuna ndoa na kuna utani wa makabila, na siku nyingi utani ndio ulioiokoa ndoa.

Mwaka huu mwanzoni tulimpeleka mtoto wetu wa mwisho bweni, kidato cha kwanza. Wa kwanza alishatangulia. Jumapili iliyofuata nilipika wali na samaki wa nazi kwa kipimo kilekile cha siku zote, sufuria ikabaki nusu. Tukakaa mezani wawili. Nakumbuka kila neno lililosemwa mchana ule, maana hayakuwa mengi.

"Maji yametoka?" akauliza.

"Yametoka."

"Mtungi wa gesi?"

"Nimebadilisha jana."

Halafu akala, nami nikala. Alipomaliza akanawa, akasema wali ulikuwa mzuri, akatoka uani kwenye friji ya mteja.

Nilibaki pale mezani nikaogopa. Sizunguki: niliogopa. Miaka yote nilidhani hatuongei kwa sababu watoto wanapiga kelele, mmoja anataka daftari, mwingine kapoteza kiatu. Sasa kelele zote ziko bwenini na bado hatuongei. Nilijiuliza kama sisi bado ni mke na mume, au tumebaki wapangaji wawili wenye adabu wanaogawana mita ya umeme. Mimi nampenda mtu yule. Ila sikuwa na hakika tena kama yeye ananipenda mimi, au anapenda wali tu.

Wiki ileile akaja kibandani binti mmoja anayekaribia kuolewa, anataka nimpunguzie gauni kiunoni. Akaniambia baada ya harusi wanakwenda fungate siku tatu, wao wawili peke yao.

"Siku tatu! Mtakuwa mnafanya nini?" nikamuuliza, na pini zangu mdomoni.

"Tutaongea, anti," akasema, akacheka.

Sisi hatukuwa na fungate. Tulipooana, bibi yake alikuja kutoka Tabora kwenye harusi, akakaa nasi miezi miwili katika vyumba viwili, na kila alfajiri aligonga ukuta kuuliza kama tumeamka salama. Bibi alipoondoka nilikuwa na mimba. Tangu hapo hatujawahi kuwa wawili.

Nikamfuata mume wangu uani. "Nataka tusafiri," nikamwambia. "Mimi na wewe. Siku mbili. Mjini, hotelini."

Akaniangalia. "Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Hakuna msiba, hakuna harusi, hakuna mgonjwa."

"Sasa tunakwenda kufanya nini?"

"Kukaa."

Akawaza, bisibisi mkononi. Mtu wa kwetu akisafiri huwa anaitwa na jambo. Kusafiri bila jambo ni sawa na kuvaa koti bila baridi. Mwisho akasema, "Sawa," akarudi kwenye friji. Neno moja tu, lakini nililichukua nikakimbia nalo.

Nikafungua daftari la vipimo vya wateja, ukurasa wa nyuma, nikaanza kutafuta mji. Hapo ndipo nilipogundua kwamba nchi hii ni kubwa kwenye ramani tu.

Asiyejua aelewe shida yenyewe. Kwetu, ukifika mji wenye ndugu yako, unalala kwa ndugu yako. Kulala hotelini ni kumwambia kwamba godoro lake lina kunguni au mke wake hajui kupika. Kaka yangu aliwahi kuja Morogoro kwenye semina, akalala hoteli waliyopangiwa na ofisi yake. Mama hakupokea simu yake mwezi mzima. Na mimi, Mungu anisamehe, nilimtumia ujumbe: "Hongera kwa kupata ndugu wapya." Kwa hiyo nilijua kabisa moto ninaouchezea.

Dar es Salaam niliifuta kwanza. Huko ana dada Mbagala na kaka Kimara, nami nina mama wadogo wawili Temeke, na sijahesabu watoto wao. Tungeonekana kabla hata ya kufika Mikese, maana pale basi likipunguza mwendo tu, kila muuza machungwa ni mtu wa kwetu. Tanga yuko shangazi yake. Iringa yuko mdogo wangu. Arusha yuko rafiki yake aliyemsimamia kwenye ndoa, na huyo ni zaidi ya ndugu, atakuchukua stendi kwa nguvu.

Mume wangu akapendekeza tubaki hapahapa Morogoro, tuchukue chumba upande wa milimani, tusikilize maji yakishuka kutoka Uluguru.

"Bwana wee," nikamwambia, "Morogoro kila Jumamosi wanakuja watu wa Dar na watu wasio wao. Mimi nikionekana naingia gesti saa kumi jioni na mwanamume mwenye begi, hakuna atakayemwangalia mwanamume usoni. Wataangalia begi."

Akacheka mpaka akakaa chini. Nilifurahi, kwa sababu sikumbuki mara ya mwisho nilipomchekesha.

Ikabaki Dodoma. Tukaikagua kama tunavyokagua kitambaa, mbele na nyuma. Upande wake hakuna mtu. Upande wangu hakuna mtu. Dodoma ni mji wa mikutano. Watu huenda huko na makabrasha na hurudi na posho. Nani angetutafuta sisi huko?

Nikapiga simu hotelini. Binti wa mapokezi akauliza, "Ni semina au mkutano, mama?"

"Ni mapumziko."

"Ya washiriki wangapi?"

"Wawili."

Akashusha sauti. "Ni... mume na mke?"

"Kwa ndoa halali," nikamjibu kwa ukali, kisha nikacheka mwenyewe nilipokata simu.

Nilipanga kila kitu. Ijumaa mchana treni ya umeme, viti viwili vya pamoja, mmoja dirishani, na tiketi nikakata mapema. Ijumaa jioni nyama choma. Jumamosi sokoni kununua zabibu, tukizila kwenye karatasi tukitembea bila haraka. Jumapili kurudi. Nikajishonea gauni la rangi ya chai ya maziwa, na kwa makusudi sikuliwekea mfuko, kwa sababu mifuko yangu ndiyo inayobeba funguo za kila mtu. Mimi ni binti mkubwa kwetu, na ukubwa ni jalala.

Sharti lilikuwa moja. "Tusimwambie mtu yeyote," nikamwambia mume wangu. "Hata mmoja. Usimwage mtama kwenye kuku wengi."

"Sawa," akasema.

Jumapili moja kabla ya safari akapanda Kinole kumtengenezea mjomba wangu jokofu la dukani. Akarudi jioni ametulia, akala, akalala. Mimi nikaendelea na pindo la gauni.

Jumatano simu ikaita. Alikuwa mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nasikia mnakwenda Dodoma."

Nilisimamisha cherehani. "Nani kakwambia?"

"Si mumeo! Alikuja kutuaga. Mwanamume mwenye adabu yule, Mungu amlinde. Sasa sikiliza. Dodoma tuna mtoto."

"Mama, Dodoma hatuna mtu."

"Tunaye. Yule binti wa mama yako mdogo, wa ukoo wetu, aliyeolewa mwaka juzi. Wamehamia Nkuhungu. Mumewe kaenda kazini mbali, na yeye ana mimba kubwa, karibu kuzaa. Na unajua anachotaka? Doriani. Usiku na mchana, doriani. Dodoma atalipata wapi? Hii si bahati kwamba mnakwenda?"

Nilipokata simu maziwa yalikuwa yameshamwagika jikoni kote. Nikatoka uani.

"Umeaga!" nikamwambia.

Hata hakujitetea. "Nimeaga."

"Nilikwambia tusimwambie mtu!"

"Sikumwambia mtu. Niliwaambia mama na mjomba."

"Kumwambia mama Kinole ni sawa na kushika kipaza sauti msikitini! Kwa nini?"

"Mke wangu," akasema taratibu, "mtu haondoki mkoani hivihivi. Likitokea la kutokea, watasema nilikupeleka wapi?"

"Dodoma! Watasema ulinipeleka Dodoma! Si mwezini!"

Akainama akaanza kukaza skrubu ambayo ilikuwa imeshakazwa. Hilo ndilo kosa la watu wetu waliolelewa vizuri. Mwingine angekosea tiketi, angesahau kitambulisho. Wa kwangu aliaga. Ungemfungia mume wangu ndani, angeaga kupitia dirishani. Nililala nimempa mgongo, na kilichoniuma zaidi si mama wala doriani. Niliona kama siku zetu mbili kwake hazikuwa na uzito wowote, ni safari kama safari nyingine, ya kuagwa na kubebeshwa mizigo.

Ijumaa asubuhi na mapema mjomba akashuka kutoka Kinole na pikapu ya wachuuzi wa matunda. Kwetu Uluguru mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli, kwa hiyo mjomba akishuka mwenyewe na kiroba mgongoni huwezi kumwambia arudi nacho. Nikampokea kwa shikamoo na chai. Ndani ya kiroba mlikuwa na doriani manne, kichane cha ndizi, na mdalasini uliofungwa kwa kamba ya mgomba.

Asiyelijua doriani, ni tunda la miiba, kubwa kama kichwa cha mtoto. Nyama yake ni tamu sana, laini, unaweza kudhani mtu kapika maziwa na sukari akayaficha humo. Harufu yake ni jambo jingine. Sisi tuliokulia Kinole tunaisikia tunameza mate. Wengine wanaisikia wanatafuta mahali panapovuja.

"Mjomba," nikasema, "tunasafiri na treni. Behewa halifunguki madirisha."

"Basi pandeni basi," akasema mjomba, na lafudhi yake ya milimani ikifanya jambo lionekane jepesi. Akampiga mume wangu begani, akamwambia, "Nenda, mkwe. Nenda salama." Wakacheka wote wawili. Mimi sikucheka.

Tukapanda basi stendi ya Msamvu. Viti vilivyobaki vilikuwa vimeachana: yeye nyuma kabisa, mimi katikati pembeni ya mama mmoja aliyelala kabla hatujavuka Dumila na kuniegemea mpaka mwisho. Hiyo ndiyo ilikuwa safari yangu ya viti viwili vya pamoja. Niliangalia dirishani milima yetu ikibaki nyuma, nikawa nakumbuka mambo yote ambayo ningemwambia mume wangu kama angekuwa pembeni yangu. Mengine hata hayakuwa matusi.

Gairo basi likasimama, watu wakashuka kujinyoosha. Konda akafungua buti atoe mzigo wa abiria, akaruka nyuma.

"Nani kapakia gesi humu? Mtungi unavuja!"

Watu wakaanza kusogea mbali. Mmoja akazima sigara. Mzee mwenye kofia akasema labda kitu kimefia humo.

"Hiki kiroba cha nani?" konda akauliza.

Mimi niliangalia upande wa wauza viazi. Nakiri. Niliviangalia viazi vile kwa makini mno, kana kwamba nimetumwa kuvihesabu. Ndipo nikasikia sauti ya mume wangu nyuma, kubwa kuliko kawaida yake.

"Ni cha mke wangu. Yule pale, mwenye gauni zuri."

Watu wote wakanigeukia. Uso uliniwaka moto, lakini nilikuwa nimesikia neno lile la mwisho. Nilimaliza lile gauni Jumanne, nikalivaa mbele yake mara mbili, na hakuwa amesema kitu. Mzee mwenye kofia, kumbe ni mtu wa Matombo, milima ileile yetu, alipoambiwa ni doriani akatoa machozi ya kweli, akaomba auziwe moja. Mume wangu akampa bure. Mzee akalikumbatia mpaka Kibaigwa, na konda akafungua mlango wa mbele kila alipoweza.

Dodoma tulifika jua likielekea kushuka, upepo mkavu unapeperusha vumbi. Tukachukua bajaji mpaka Nkuhungu. Mpango wangu ulikuwa kushusha mzigo, kusalimia tukiwa tumesimama, na kuondoka.

Huyo mdogo wangu, binti wa mama mdogo, alikuwa mlangoni, mkono mmoja kiunoni, tumbo mbele yake. Alipoona kiroba alisahau kutuamkia. Akaketi palepale kizingitini, akapasua doriani kwa kisu cha jikoni, akala amefumba macho, akaguna. Aliposhiba ndipo akatuona.

"Shikamoo dada. Shikamoo shemeji. Mungu awape chochote mnachotaka."

Tukaingia ndani. Kupitia pazia la chumba cha pili nikaona kitanda kimetandikwa shuka mpya zenye mikunjo ya dukani, na mito miwili. Nilijua tumetandikiwa sisi.

Na hapa nataka kusema ukweli unaoniaibisha. Hakuna aliyenilazimisha. Nilimwangalia yule mtoto na tumbo lake, peke yake katika nyumba ile, nikakumbuka ule ujumbe niliomtumia kaka, na ulimi wangu mwenyewe ukaanza: "Basi mdogo wangu, sisi tutalala hapa, tukupe kampani..." Mimi, mwenye daftari na sharti. Kumbe nami nimelelewa na mama yuleyule.

Mume wangu akakohoa. Akasimama katikati ya sebule.

"Shemeji," akasema, "tunashukuru sana. Lakini leo hatulali hapa. Mke wangu nimempata kwa kuomba, siku mbili tu, na siku moja imeshaliwa na basi."

Nilimwangalia. Katika miaka yote sijawahi kumsikia akimkatalia ndugu jambo.

Mdogo wangu akacheka, akajipangusa vidole. "Shemeji, hata mngetaka kulala nisingewaruhusu. Mjomba kanipigia simu juzi. Kanikataza."

"Kakukataza nini?" nikauliza.

"Kasema mumeo alikuja Kinole Jumapili, akakaa mkekani mbele ya mama, akakuomba upya kama siku ya posa. Kasema, 'Tumempa siku mbili, wasiguswe. Ukiwalaza kwako, utakuja kunijibu mimi.' Mzigo waulete, kasema, ila wao wenyewe waende zao."

"Na hicho kitanda?"

"Cha mama yako. Anakuja Jumatatu kukaa na mimi mpaka nijifungue. Kwani hakukwambia?"

Mama hakuniambia. Sikumpa nafasi, nilikata simu nikaenda kugomba.

Tulitoka pale tukaita bajaji. Mimi nilitafuta mji mzima wa kuwakimbia ndugu, na mtu huyu alipanda mlima kwenda kuwaomba. Njia yangu ingetuletea lawama za miaka kumi. Yake ilitupatia ruhusa ya ukoo na ulinzi wa mjomba. Kwenye bajaji nilimshika mkono, akaniacha niushike.

Hotelini mapokezi walitupa kitabu cha wageni tujaze: jina, kabila, unatoka wapi, unakwenda wapi. Kwenye safu ya shughuli binti akaniambia wengi huandika semina. Mume wangu akachukua kalamu akaandika "matembezi," kwa herufi kubwa. Chumbani kulikuwa na jokofu dogo linalokoroma. Alilitazama, nikamtazama, akaenda kuoga.

Tulioga wote mara mbili mpaka doriani likatuachia. Jua lilipozama tukashuka uani, kwenye meza za chini ya miti, tukaagiza kuku wa kuchoma na ndizi. Tukakaa, yeye upande wake na mimi upande wangu. Nikaisikia ile hofu yangu ikivuta kiti nayo ikae. Nikaamua kuifukuza.

"Uliwaambia nini Kinole?" nikamuuliza. "Niambie yote."

Akageuza glasi yake mara mbili tatu mezani. Halafu akasema maneno mengi kuliko niliyowahi kumsikia akiyasema kwa mkupuo.

"Nilimwambia mama kwamba mara ya kwanza nilipokuja kumwomba binti yake, nilisema nataka kujenga naye nyumba. Nyumba imejengwa. Nikasema nataka watoto. Watoto wamekua. Sasa nimekuja kumwomba tena, na safari hii sina sababu nyingine. Namtaka yeye tu. Mjomba akaniuliza, mwenyewe anasemaje? Nikasema sijui. Sijamuuliza, naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Wewe." Akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Ile Jumapili tuliyobaki wawili, ulinyamaza. Wewe hunyamazi hata ukiwa mgonjwa. Nikasema, basi, amemaliza kazi ya watoto, sasa ananiona nilivyo, na amechoka. Ukaja uani unasema unataka tusafiri. Nikadhani unataka kuniambia mbali na nyumbani."

"Kukuambia nini, wewe mtu?"

"Kwamba unataka kurudi kwenu. Ndiyo maana nilikwenda kwanza kwenu."

Siku ileile, meza ileile, kila mmoja alikuwa na hofu yake na aliila kimyakimya pamoja na samaki. Nilitaka kumgombeza. Nilikuwa na maneno ya kumgombeza mpaka asubuhi.

"Mama akasema nini?" nikauliza.

"Akasema, 'Sisi tunakupa ruhusa. Jibu analo mwenyewe. Kamuulize.'" Akaacha glasi. Akaniangalia usoni, fundi wangu wa maneno machache. "Sasa nakuuliza. Bado unanitaka?"

Machozi yalinitoka mbele ya watu wa semina, na nilicheka hapohapo, na nilijua ninaonekana kama mwehu.

"Nakutaka," nikasema. "Mnyamwezi mjinga wewe, nakutaka."

Nikainuka, nikanyanyua kiti changu, nikakizungusha meza na kukiweka upande wake, bega kwa bega. Akahama kidogo kunipisha, kisha akarudi alipokuwa. Tukaanza kuongea kwa pamoja, tukakatizana, tukaanza tena.

Mhudumu akaja na kuku. Akaona upande mmoja wa meza umejaa na mwingine mtupu, akasimama na sahani mkononi.

"Samahani mama, kuna wengine wanakuja, niwawekee viti?"

"Hakuna anayekuja," nikamwambia. "Tuko wawili."